Delmar Hotchkiss na Neno Alilolimeza

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Delmar Hotchkiss, aliyetutoka Alhamisi akiwa na miaka themanini na moja. Delmar aliichezea timu yetu ya besiboli ya Carverton misimu tisa, kuanzia 1951. Kazi yake ilikuwa moja: kusimama nyuma kabisa, katikati ya uwanja, na kudaka mipira iliyopigwa juu. Alikuwa na mbio huyo, msiulize!

Huko nyuma kuna sheria. Anayeutaka mpira anapiga kelele, "Wangu!" Mwenzake anasimama, anamwachia.

Septemba 1956, kabla ya mechi, rafiki yake Wendell Prokop, aliyelinda upande wa kushoto, alimtania mbele ya wote: "Delmar, mlafi wewe! Leo niachie hata mmoja, mama yangu yupo jukwaani." Wakacheka. Delmar naye akacheka, lakini maneno yale yalimchoma.

Mpira ukapaa kati yao. Delmar akafunga mdomo, asiite, ili amwachie mwenzake, ila miguu haikutii. Alikimbia, akaudaka, akamvaa Wendell. Uwanja mzima ulishangilia. Goti la Wendell lilivunjika, na hakucheza tena. Narudia: hakucheza tena.

Waandishi walimfuata hospitalini. Wendell akawaambia, "Aliita, bwana. Mimi ndiye sikusikia." Delmar aliyasoma hayo gazetini akanyamaza. Alicheza misimu mitatu zaidi, akipigiwa makofi huku roho ikimsuta.

Wendell alifungua duka la vifaa vya ujenzi. Arlene, binti yake Delmar, ameniambia hivi: "Kila mwezi Baba alikwenda pale kumwambia ukweli. Wanaongea habari za mvua, anarudi na misumari. Gereji imejaa misumari, na Baba hajui hata kutundika picha."

Jana mazishini nilimkuta Wendell ameegemea fimbo. Nikamuuliza kama kweli siku ile hakusikia.

"Nisikie nini? Hakuita," alisema. "Nilisema vile wasimzomee. Nilishamsamehe palepale kitandani. Nikawa namngoja aseme mwenyewe, tucheke, yaishe. Miaka hamsini na nne namngoja, mjinga yule." Kisha akalia. "Na mimi si ningeanza? Mbona sikuanza?"

Inauma, wasikilizaji wapendwa.

Arlene na jamaa wote, poleni sana. Bwana Prokop, pole nawe. Na wewe unayenisikiliza, mlango unaopaswa kuugonga unaujua. Zima redio, uende. Mimi sitachukia.