Kiti cha Attracta

Basi la kwenda Ballina, mji wa Ireland, lilikuwa na abiria wachache, nami nikajifanya nasoma simu. Mbele yangu walikaa Fintan na Goretti, wazee wa kikundi cha maigizo cha parokia. Jioni hiyo walikuwa na onyesho la kwanza tangu wamzike Attracta, aliyewaongoza miaka thelathini.

"Kiti chake kibaki wazi," alisema Fintan. "Tukiwekee maua."

"Maua yatakusikia? Mwenzangu, wewe unanong'ona jukwaani kama unaungama dhambi."

Attracta alikuwa akikaa safu ya mwisho na fimbo yake. Asipokusikia, aligonga sakafu mara mbili ili upaze sauti, hata ukumbi ukiwa umejaa. Mimi niliwahi kugongewa utotoni nikiigiza kondoo katika igizo la Krismasi.

"Niliichukia fimbo ile," Fintan alisema. "Lakini jana mazoezini nilimaliza maneno yangu yote bila kugongewa hata mara moja. Nikajiona kama naongea peke yangu jikoni."

Goretti akauinua mwavuli wake. "Basi nitakaa mimi, nigonge."

"Wewe? Thubutu! Pale hapakaliwi."

"Tutaona."

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Fintan alitangulia mlangoni, akamshukuru dereva kama sisi sote tufanyavyo, ila sauti ikaishia kwenye skafu. Huku nyuma, Goretti akagonga sakafu kwa mwavuli mara mbili.

Fintan alisimama pale pale, bila kugeuka. Kisha akainua kidevu, akatoa asante iliyomfanya dereva ashtuke na mbwa wa nje abweke.