Watoto Watatu wa Mwalimu Dorotea

Padri, walimu, majirani wa Magamba, na nyie mliotoka Ilembo na Katumba, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Mimi ni Manyanda, na huyu tunayemzika leo, tarehe 16 Septemba 1999, ni dada yangu aliyeniachia ziwa. Ukoo umenipa karatasi niisome, nami nitaisoma, ila kuna mstari mmoja nimeukata kwa kalamu asubuhi hii bila kumuuliza mtu, na nikiufikia nitawaambia.

Mwalimu Dorotea alizaliwa tarehe 4 Aprili 1949 huko Malampaka, Wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, nyuma ya kaka yetu mkubwa Ngolo, mbele yangu mimi na marehemu Mabula, mdogo wetu wa mwisho. Alianza shule mwaka 1958, akamaliza darasa la nane mwaka 1965, jambo ambalo kwa binti wa mfugaji wa wakati ule halikuwa dogo, kwa maana baba alitaka achunge, na yeye alichunga asubuhi, akasoma mchana, na viboko vya kuchelewa akavipata pande zote mbili.

Mwaka 1975 familia ilihamia hapa Magamba na ng'ombe, na mwaka uliofuata marehemu alichukua mafunzo ya ualimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, akaajiriwa Januari 1977, na tangu siku hiyo hadi anaanguka alifundisha darasa la kwanza, miaka ishirini na miwili, akikataa kila mara kupandishwa darasa la juu, akisema wakubwa kila mtu anawaweza. Wengi mliokaa hapa mkijifanya watu wazima, ni yeye aliyewashika mkono mkaandika a, e, i.

Kuhusu ndoa, marehemu aliolewa mwaka 1968, na mwaka 1977 aliachika kwa sababu hakupata mimba, na jina la aliyekuwa mume halisomwi kwa ombi la mwanamume mwenyewe, haya, tumemheshimu.

Sasa tumefika kwenye watoto, na mstari nilioukata ni huu: "Marehemu hakubahatika kupata mtoto." Sitauacha kama ulivyo, jamani, kwa sababu ni uongo, na waliouandika wanajua ni uongo, na sababu ya kuuandika naijua pia.

Mdogo wetu Mabula alifariki tarehe 11 Februari 1995, na mkewe Athanasie, binti wa Katumba, akamfuata tarehe 2 Juni mwaka huo huo, wote kwa ukimwi, ndiyo, nimelitaja, maana tumezika watu wa kutosha wilaya hii kwa jina la kifua. Waliacha watoto watatu, Sikujua wa miaka tisa, Abednego wa miaka sita na Monika wa miaka mitatu, na siku ya kuondoa matanga, Jumatatu tarehe 5 Juni, sisi wakubwa tuliwatuma kisimani ili wasisikie, tukakaa, tukawagawana. Tulisema mzigo usimlemee mtu mmoja. Ngolo akamchukua Abednego, mimi nikamchukua Sikujua kwa kuwa mke wangu alikuwa na mtoto mchanga wa kubebwa, na Monika akapelekwa Malampaka kwa binamu yetu, akadanganywa kwamba anamfuata mama yake. Marehemu aliomba wote watatu, akajibiwa kwamba mwanamke asiye na mume hapewi watoto wa ukoo, na nyie mnaotazamana hapo msinitazame mimi, kwa sababu hata mimi niliitikia.

Waliporudi na ndoo zao walikuta nguo zimekwisha kufungwa mafurushi matatu.

Abednego kwa Ngolo alianza kukojoa kitandani, mtoto aliyekwisha acha, wakawa wanamtwisha blanketi lake bichi kichwani apite nalo barabarani, wenzake wakimwimbia, na ndiye alikuwa mwanafunzi wa marehemu darasa la kwanza, akija amenyamaza, analala kwenye dawati. Sikujua kwangu alikuwa hakai na wenzake kwenye sinia, anakula amesimama mlangoni, na furushi lake halifungui, wiki, mwezi, mwaka, anavaa gauni lile lile mpaka linachanika begani. Sisi tuliita jeuri. Nilimchapa, nasema mbele ya jeneza, nilimchapa ili afungue furushi, na kwa mganga pia tulimpeleka, akachanjwa. Hakuna aliyekaa chini akamuuliza mtoto huyu amefiwa na nani.

Mwaka 1996 marehemu alikwenda kwa Ngolo, akamchukua Abednego na blanketi lake, akasema atakayemtaka amfuate shuleni, na hakuna aliyemfuata kwa sababu walishachoka kufua. Kisha akaja kwangu Ilembo mara tatu, na mara ya tatu nilimfukuza dada yangu mlangoni kama mtu aliyekuja kuiba kuku. Desemba, shule zilipofungwa, alipanda treni ya Mpanda hadi Kaliua, akaenda Tabora, akaenda Malampaka, akarudi na Monika mgongoni, mtoto wa miaka minne na nusu ambaye alikuwa hasemi neno lolote tangu alipoambiwa mama atakuja kesho, na kesho hiyo ikawa mwaka mzima na nusu. Na mimi Februari 1997 nilimkabidhi Sikujua, msinisifu, sikumpa kwa huruma, nilimpa kwa kuchoka.

Alichofanya marehemu wala hakikuwa na dawa. Aliwapeleka kwenye makaburi mawili, akawaambia baba yuko hapa, mama yuko hapa, hawarudi, akawaacha walie mpaka wakamaliza, huku wazee wakilalamika kwamba anawatonesha watoto. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule aliwaambia yeye anakwenda wapi, atarudi saa ngapi, na kwamba leo mnalala hapa, kesho mnalala hapa, na mvua ikimkuta njiani alikuwa anakimbia, mwalimu mzima, kitenge mkononi, asichelewe saa aliyoitaja. Mlimcheka. Abednego alikauka kabla ya mwaka kwisha. Sikujua alifungua furushi mwenyewe siku moja ya mavuno, hakuna aliyemwambia. Na Monika, baada ya miezi minane kwa marehemu, alisema mchana kweupe kwamba maharage hayana chumvi, na dada yangu alilia akacheka akayamwagia chumvi yote.

Kwa hiyo naandika upya na naomba padri ashuhudie: marehemu ameacha watoto watatu.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alisumbuliwa na presha tangu mwaka 1997, na sisi ndugu tulichangia, kwa barua za vikao na vitisho vya kuwachukua tena watoto, mpaka Jumapili tarehe 12 Septemba alipoanguka jikoni, akapelekwa hospitalini, akafariki Jumanne tarehe 14 saa nne asubuhi, umri wake miaka hamsini. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku mbili, walimu wenzake waliochonga jeneza, majirani waliopika tangu juzi, na ndugu wa Athanasie waliofika kutoka Katumba kwa baiskeli, ambao mwaka ule hatukuwapa hata kiti.

Lakini jana, maiti ikiwa ndani, baadhi yetu tulikaa nyuma ya zizi kuwagawana watoto tena, na nyumba pia, na ndiyo sababu ya mstari ule, maana nyumba ya asiye na mtoto inarudi kwa ukoo. Monika, ambaye sasa ana miaka saba, alinifuata akaniuliza safari hii yeye anapelekwa wapi. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa. Nilikwenda kukaa na mke wangu, tukaongea, akakubali.

Kikao cha kesho cha kumalizia kugawana hakipo. Kaka Ngolo, wewe ndiye mkubwa, nakuheshimu, kama una neno lisemee hapa kabla hatujambeba, mbele ya watoto. Sikujua, Abednego, Monika, shangazi yenu amekufa, harudi, na leo mnalala nyumbani kwenu Magamba, kesho mnalala hapo hapo. Mimi nakwenda Ilembo baada ya mazishi kuchukua vitu vyangu, nitarudi saa kumi na mbili jioni na mke wangu na watoto wetu, tutaishi kwenye nyumba yenu.

Dada, lala salama, niwie radhi. Naomba tumbebe sasa, jua linakwenda, na saa kumi na mbili nimeshaitaja.