Frima Zeitlin na Gauni Lake la Sabato

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Moisés Ville, na jamaa mliosafiri kutoka Rosario na Buenos Aires, historia ya maisha ya marehemu Frima Zeitlin de Kurlat inasomwa kwa niaba ya familia na mdogo wake wa pekee, Mindla Zeitlin, mwenye umri wa miaka sabini na minne, ambaye asubuhi ya leo watoto wa marehemu walimkabidhi karatasi iliyochapwa vizuri, Bernardo akamwambia, "Mama mdogo, tafadhali soma yaliyoandikwa, usiongeze," naye ameahidi kusoma yote, lakini kutoongeza hakuahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa hapa Moisés Ville, mji wetu huu wa wafugaji Wayahudi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Berl Zeitlin, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mama Toive, na tarehe 2 Juni 1933 akazaliwa Mindla, akakuta mwenzake ameshashika nafasi zote nzuri katika nyumba ile, mapaja ya mama na shingo ya baba. Ilikuwa nyumba ya maharage na vitunguu siku sita za juma, ila mzee Berl alikuwa na desturi kwamba kitu chochote kizuri kilichopita mikononi mwake, tangu Jumapili, kikiwa tunda, kikiwa samaki, kilifungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya kabati kungoja Sabato, na ikifika Ijumaa jua likishuka kinatolewa na kugawanywa juu ya kitambaa cheupe. Frima alikuwa akikingoja huku anaimba, Mindla alikuwa akikingoja huku anakadiria kwa macho, kwa sababu kila mara kipande cha Frima kilikuwa kikubwa zaidi, na juu ya hilo hajabadili kauli hadi leo.

Marehemu alianza shule mwaka 1938 na kumaliza darasa la sita mwaka 1944, katikati ya miaka hiyo, Agosti 1941, mama yetu akatutoka. Karatasi inasema alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, jambo ambalo ni kweli kiasi, kwa kuwa aliyejua sala zote bila kuangalia kitabu alikuwa mdogo wake, lakini walimu walimpenda Frima, mafundi walimpenda, hata mbwa wa jirani walimfuata yeye. Mwaka 1946 alianza kujifunza ushonaji, mwaka 1949 akapata cherehani yake, na tangu hapo hadi mwaka 2006 hakuna bibi harusi wa mji huu aliyesimama chini ya kitambaa cha ndoa kinachotandazwa juu ya maharusi bila kupimwa kiuno na Frima.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na Isaías Kurlat, fundi wa mitambo katika kiwanda cha siagi, siku ya Jumanne tarehe 17 Machi 1953, na hapa msomaji anaweka karatasi pembeni kidogo. Isaías alipokuja mjini mwaka uliotangulia, mlango wa kwanza aliobisha kuomba maji ulikuwa wa mzee Berl, na aliyemletea maji hayo alikuwa Mindla, akanywa bilauri mbili, akasema, "Binti, maji ya kwenu matamu, nitarudi," na kweli alirudi, mara nyingi, ikaja kubainika kwamba alikuwa anarudi kumsikiliza Frima akiimba kwenye cherehani. Siku ya harusi Frima alivaa gauni la hariri nyeupe alilolishona mwenyewe, mezani kukawa na divai, na tini, na zabibu za mwisho wa msimu, watu wakacheza, na mdogo wake akatoka nje kwa wivu, akaweka nadhiri mbele ya Mungu kwamba maisha yake yote hataonja tunda tamu wala hatavaa nguo ya rangi. Watu walidhani ni ucha Mungu, naye akawaacha wadhani.

Rabi Meilej, aliyekuwa rabi wetu wakati ule, alipopata habari alimwita, akamwambia, "Mindla, aliyeviumba ndiye aliyeviruhusu, wewe unamkatalia kwa lipi?" naye akajibu kwamba anataka kuishi maisha ya chini, rabi akamtazama sana, akasema, "Haya. Siku utakayojuta, tafuta watu watatu wakae mbele yako, useme umejuta, watakufungua nadhiri yako," na Mindla akamjibu kwamba siku hiyo haipo.

Mungu aliwajalia marehemu na mumewe watoto wawili, Bernardo, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1956 na kupewa jina la babu yake Berl kwa Kihispania, na Teresa, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1958 na kupewa vivyo hivyo jina la bibi yake Toive, na ndoa hiyo ilidumu hadi Isaías alipofariki tarehe 6 Mei 1989, akalala hapa pembeni. Mindla hakuolewa. Alihamia upande wa pili wa mji, na kwa miaka yote hiyo alijipangia kutopita mtaa wa dada yake siku sita za juma, ili asisikie cherehani wala kicheko cha mtu fulani, wakawa wanaonana Sabato tu, sinagogi kwanza, halafu chakula cha mchana nyumbani kwa Frima, kwa sababu kumkatalia dada mkubwa Sabato kungekuwa aibu mbele za watu.

Na Sabato hizo, ndugu zangu, ninyi mlizijua. Samaki, kuku, divai, mikate miwili inayong'aa, marashi nyuma ya masikio, na Frima mlangoni katika hariri, akimpokea kila mtu kama vile siku nzima alikuwa akimngoja huyo mmoja. Mdogo wake alikaa pale katika kijivu chake, akala mkate na kitunguu alichokuja nacho mwenyewe, akahesabu magauni, mwaka huu ya rangi ya maziwa, baadaye buluu, baadaye kola pana, baadaye rangi ya divai, mwisho jeusi la ujane, kumi na moja kwa jumla, na moyoni aliyatunza yote kama ushahidi. Siku moja uvumilivu ulimwishia, akamwambia mbele ya wageni, "Dada, hii anasa yote Mungu anaiona," Frima akamjibu huku anakata kuku, "Ndiyo maana ninaila mbele yake, mdogo wangu, sijamficha," meza nzima ikacheka, hata Isaías, na Mindla hakusahau nani alicheka. Halafu kila Sabato bila kukosa, matunda yakiletwa, Frima alichagua moja na kuliweka mbele ya sahani ya mdogo wake, akasema, "Nimekuwekea, ukitaka," na kila Sabato tunda lile lilirudi jikoni.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Agosti mwaka huu, akalazwa Rosario kuanzia tarehe 14 hadi 29, na aliporudi watoto wakasema lazima mtu alale naye, ndipo Mindla, akiwa na miaka sabini na minne, alipoingia nyumba ya dada yake siku ya Jumapili kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alifungua jokofu apike kitu, akakuta maharage, vitunguu, mkate wa juzi, na chungwa moja limefungwa kwenye kitambaa, akauliza, "Vyakula vyako viko wapi?" Frima akashangaa, "Vyakula vipi?" akauliza tena, "Na hili chungwa la nani?" akajibiwa, "La Sabato, we Mindla, umesahau kwa baba?" Jumatatu ikawa maharage, Jumanne maharage, na gauni la kazini lilikuwa la kijivu, kijivu kile kile cha Mindla, limechakaa kuliko la Mindla, na mdogo mtu akakasirika, kwa kuwa hata maisha ya chini, kitu pekee alichodhani ni chake, kumbe Frima alikuwa nacho, na bado akawa na Sabato juu yake.

Marehemu alifariki dunia jana, Jumanne tarehe 20 Novemba 2007, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Kina mama wanaoosha maiti walipofika waliomba sanda, ambayo Frima alikuwa ameishona mwenyewe, kitani kitupu, bila mfuko, bila fundo hata moja, Mindla akaenda kuitoa kabatini, akatafuta na yale magauni kumi na moja, akakuta moja. Ni hariri ile ya harusi. Mdogo wake aliigeuza ndani nje dirishani, akaona chini ya weusi kuna rangi ya divai, chini ya divai buluu, kwenye pindo weupe kidogo uliosalia, alama za kola zilizotolewa, mikono iliyofumuliwa na kushonwa upya, miaka hamsini na minne kwenye gauni moja, na yeye alilionea gere mara kumi na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Rosario, majirani wa mtaa wake walioleta supu bila kuombwa, kina mama walioosha mwili, wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha siagi waliochimba kaburi tangu alfajiri, na mabibi harusi wote mliokuja, maana mmekuja wengi, na Mindla anajua kwamba siku yake hamtajaa hivi, na hilo pia linamuuma.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye karatasi, na Bernardo atamsamehe mama yake mdogo. Jumatatu, siku moja kabla ya kufa, mwuza matunda alipita na mapichi ya kwanza ya msimu, Frima akamwita dirishani, akachagua moja, akalifunga kwenye kitambaa, akasema, "La Sabato," na liko pale juu ya kabati sasa hivi, linanukia nyumba nzima, wala yeye Sabato hiyo hakuifikia. Kwa hiyo Mindla Zeitlin anawaomba watu wazima watatu, yeyote kati yenu, wafike nyumbani kwa marehemu kabla ya Ijumaa jua kushuka, wakae mbele yake, wamsikie akisema kwamba amejuta.

Dada, nimeliona, umeniwekea, nami nalitaka. Lala sasa, upumzike kwa amani.