Siku Ambayo Hakuna Anayealikwa

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, Kasian kulia kwangu na wewe Agnes kushoto, na mkwe wangu Khalfan ukae kwenye kiti cha dirishani, maana ninayotaka kusema yanawahusu ninyi nyote watatu. Daktari amewaambia ukweli pale koridoni akidhani mimi nimelala. Sikuwa nimelala. Sina hofu, nina haraka tu, kwa hiyo msinikatize, na msianze kulia kabla sijamaliza.

Karakana ya madirisha pale Dubai Investments Park ibaki mikononi mwa Kasian, kwa kuwa ndiye aliyekula vumbi la alumini pamoja na baba yake, lakini Agnes awe na sauti humo sawasawa na yeye, na fundi Hesbon asiguswe, yule ni mtu wa nyumba hii tangu hamjaota meno. Cherehani na vitenge vyangu ni vya Agnes. Mwili wangu msihangaike kuupeleka Bukoba. Nizikeni Jebel Ali ubavuni mwa baba yenu Stoyan, maana yule mzee hajui kukaa peke yake, ataanza kugombana na majirani. Hayo ndiyo mepesi.

Zito ni Mtakatifu Nikola. Keshokutwa ni siku yake, na ninyi wawili hamjakaa meza moja siku hiyo tangu Agnes aolewe. Khalfan, wewe hukukulia humu, basi nikueleze. Kwa Waserbia, watu wa marehemu mume wangu, kila ukoo una mtakatifu wake, na mtoto humrithi kwa baba kama anavyorithi jina. Siku yake unawashwa mshumaa, unaokwa mkate, na watu wa nyumba wanaushika wote kwa pamoja, wanauzungusha, kisha wanaumega. Na siku hiyo hakuna anayealikwa. Mlango unaachwa wazi, anayeukumbuka ukoo anakuja mwenyewe, kwa sababu kwao kumwita mtu ni kumwambia kwamba kama usingemwita asingekuwa wako.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifungia jikoni nikalia. Nilikuwa nimepika sufuria mbili za samaki, na ile ngano ya kuchemsha na sukari nimeitia karanga kwa sababu jozi, zile njugu zao za maganda magumu, sikuzipata mtaani kwetu Deira kote, na mume wangu hajamwita hata mtu mmoja! Kwetu Uhayani mgeni anaitwa, na akifika anapewa kahawa ya kutafuna ajue amepokewa. Stoyan akacheka, akafungua mlango, na jioni nyumba ikajaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Zile karanga alinitania nazo hadi anakufa, na kila mwaka alirudia kuomba sahani.

Sasa sikilizeni habari ya ukoo wenu, kama alivyonipa yeye. Kama aliongeza chumvi, atajibu mwenyewe huko aliko. Akina Vidoslavich walikuwa mabwana. Mfalme wao wa kale aliwapa bonde na vijiji, wakajenga ngome juu ya mwamba, mto ukipita chini yake. Kisha ikaja vita ya kale ya Kosovo, Waserbia na Waturuki, bwana wa ngome akafia huko, akaacha mjane, Stana, na vijana wawili. Uglesha, mkubwa, akakubali kumtumikia Sultani wa Waturuki ili ngome ipone. Radich akamwita kaka yake msaliti mbele ya watu, akavuka kwenda kwa Wahungari, adui za Sultani. Miaka ikaenda, wote wakaota mvi, na mwaka mmoja, siku ya Nikola, Radich akarudi na wapanda farasi wake, akapiga hema ng'ambo ya mto. Uglesha alimwona. Akafungua lango, akawasha mshumaa, akaweka kiti cha mdogo wake mezani, ila hakutuma mtu kumwita, maana siku hiyo mtu haitwi. Radich naye aliliona lango liko wazi, akasema, niliondoka hapa nikitukanana na ndugu yangu, siingii kama mwizi, na aniite. Stana, masikini, alitembea kutoka dirisha hadi meza usiku kucha, na hakuthubutu kuivunja desturi ya waume. Asubuhi Radich aling'oa hema. Baada ya hapo akaja Sultani mwingine, asiyejali ahadi ya aliyemtangulia, akaikuta ngome ina nusu ya watu wake. Uglesha aliuawa langoni. Ninyi ni uzao wa Radich, aliyeishi.

Baba yenu alisimulia hayo kwa fahari. Mimi nilikuwa nikimfikiria yule mama.

Na leo naona ni yale yale, ndani ya ghorofa la Deira. Kasian, siku dada yako anaolewa ulimwambia amekiuza kisima chake, yaani imani ya baba yake. Ulikosea, mwanangu, na unajua. Tangu hapo kila Nikola unaacha mlango wazi, unaweka kiti, unakaa unanuna. Agnes, wewe unasema umeolewa, na mumeo kwao Unguja mtu haendi kwenye shughuli bila mwaliko, ni aibu, na huwezi kumwingiza pale watu wakamtazama. Wote mna haki. Wote mnanimaliza. Na chakula chenyewe ni cha mfungo, samaki na maharage, hakuna nyama yoyote ya kumkwaza Khalfan, na kipande chake cha mkate kitamegwa kabla mkate haujamiminiwa mvinyo wao!

Nipe maji, Agnes. Kidogo tu. Asante, mama yangu.

Mimi si Vidoslavich wa damu, mimi ni Yuliana wa Bukoba, na sitafanya kama Stana. Ninaivunja desturi. Agnes, Khalfan, keshokutwa njooni kwa Nikola. Nawaalika.

Lakini mwaliko wangu unakufa na mimi. Mshumaa... mshumaa ni wa Kasian sasa. Kasian, mwite. Usinitazame mimi, mtazame yeye. Nakuomba, baba. Hiyo ndiyo mali pekee ninayotaka kuiona ikigawanywa.

Sema.

Sikusikia vizuri, sema tena, na mumeo... na mumewe umtaje.

Haya. Nimesikia. Agnes, mjibu kaka yako, usimwache hivyo. Mnalia, sasa lieni, nimemaliza. Mungu awalinde, awape wazee wenye kelele na watoto... wenye njaa. Nawapenda. Ninawapenda sana. Msiachie mikono.

Endeleeni kuzungumza. Nafumba macho tu... bado nawasikia.