Pete Yenye Iligonga Meza ya Nyuma

Bandugu, kwanza muniapie, kila muntu mukono ku kifua, hii maneno miye Germaine, tanti ya batoto ya marehemu, nasoma itabakia hapa ku kilio, haitafika ku soko, na miye pia nitajaribu, musiniangalie vile!

Marehemu Angèle Mwadi alizaliwaka hapa Likasi tarehe 3 mwezi wa tano 1966, baba yake alikuwa fundi ku bwawa ya umeme ya Koni, akasoma masomo ya primaire hapa, akaenda ku chuo ya ualimu ya Mulungwishi, akatoka mwalimu, na mu 1989 akaolewa na Philippe, huyu analia pale, bakapata batoto babili, Fidélie na Carlos.

Tangu 2008 kazi yake ilikuwa kufundisha ba stagiaires, bale bijana benye kujifunza ualimu, namna ya kusomesha batoto badogo, na ugomvi yake ilikuwa moja tu: mwalimu asiite lettre, ile herufi, na jina yake, aite sauti yake, juu ukisema «em» na «a», mutoto atasoma «ema», na «mama» itakuwa «emaema», weh, tulichekaka mpaka machozi! Yeye alikuwa anaikala ku meza ya nyuma, stagiaire akikosea hasemi kitu, anagonga tu na pete yake ya ndoa, ko, ko, na stagiaire jasho inamushuka.

Mwezi wa kwanza 2025 ugonjwa ya figo ikamulaza ku hospitali, na pale ku kitanda aliwaza tu Elikia, stagiaire wake, mwenye alikuwa ameanguka mara mbili ku leçon ya mtihani mbele ya directeur wa masomo, ya tatu akianguka banamufukuza. Elikia alipokuja kumuona, akamuambia:

«Nitakuja, mwanangu, nitaikala nyuma.»

«Mama, na ile mupira wa serum ku mukono?»

Asubuhi ya tarehe 12 mwezi wa pili, Elikia alikuwa mbele ya kalasi, directeur pembeni, mara batoto bote bakasimama, bakaangalia ku mulango, bakaimba: «Bonjour, Mama Angèle!» Ku mulango hapakuwa na muntu. Bakaikala, vichwa vyao vikafuata kitu chenye kilipita polepole, mpaka nyuma. Elikia akaandika «mama», akaonyesha lettre ya kwanza, akasema «em», na ku meza ya nyuma ikalia ko, ko. Directeur akauliza nani anagonga, batoto bakamushangaa: «Si Mama!» Elikia akafunga midomo, «mmm», kalasi yote «mmm», na Shekina, katoto kenye hakajasoma hata neno moja tangu mwaka kuanza, kakasoma: mama. Directeur akamupitisha Elikia mbio mbio, akatoka inje, kofia akaisahau.

Saa ile ile, ku hospitali, Philippe aliona bibi yake, macho yamefungwa, anagonga chuma ya kitanda na pete, ko, ko, akawaza ni maumivu, kisha akasikia «mmm» ku midomo yake, kidole ikalala, Angèle akafwa.

Tunashukuru baminganga na ba infirmières ba hospitali, majirani benye balileta maji na makala ya kupikia, balimu wenzake, na kila stagiaire mwenye alitokaka jasho mbele yake.

Ya kalasi ni Elikia alinielezea, ya kitanda ni Philippe, na pale balinielezea, bale babili balikuwa bado hawajaongea pamoja.

Pumzika na amani, Angèle, pete hatukuitoa, tumekuachia ku kidole.