Fungua-Mlango Anakwenda Kwao Yatta

...Akapiga huo mlango teke moja, ukaanguka ndani pamoja na yeye. Andika hivyo, Waithira, watu wa sherehe ya kumuaga dresa, mfunga vidonda wetu, wacheke kidogo. Mama ya mtoto akapiga kelele, "Huyu dresa ameniua!" Kumbe amekuja kumwokolea mtoto. Mtoto ana surua, amefunikwa blanketi, dirisha imezibwa na matambara, hata maji hapewi. Ndivyo tulikuwa tunafanya hapa: eti ukifungua, vipele vinarudi ndani vinaua. Dresa Nzomo akambeba mpaka nje, akamnywesha uji na kijiko, huku goti yake inatoka damu. Tangu hiyo siku anaitwa Fungua-Mlango.

Waithira anasema miaka ndiyo inatangulia. Haya. Nzomo wa Muthoka amefanya kazi dispensari yetu ya Ruiru miaka ishirini na tisa. Alikuja wakati nzige inamaliza mahindi, na anastaafu tarehe thelathini na moja Desemba, 1957. Kabla ya hapo alikuwa anafunga vidonda kule Thika, kwa mashamba ya mkonge. Mimi ni Mumbi, napika uji ya wagonjwa. Dawa sizijui, lakini mtu namjua. Baiskeli ndiyo ilimshinda. Alianguka kwa kahawa ya mzungu mpaka mbwa wakamzoea.

Sasa hii Emajensi, hii hali ya hatari ya serikali, tulipofungiwa kijijini, nyumba zimebanana, watoto wamekonda, surua ikatumaliza. Mtoto mwenye mafuta anaugua, anapona. Yule mwembamba, miguu imevimba, hapana. Tulizika mpaka watu wakaacha kuuliza ni wa nani. Na wodi ni chumba moja tu! Mwenye surua analala na hao wembamba, siku kidogo wote wanakohoa.

Nzomo akaomba chumba ingine kwa wakubwa wa afya. Wakasema ngoja. Akaomba tena. Ngoja. Basi akatoa kitanda yake kwa nyumba ya kazi aliyopewa, akalaza watoto wa surua huko, yeye akahamia stoo kwa magunia ya maziwa ya unga. Asubuhi anatoka mweupe kwa unga, sisi tunamwamkia kama mzungu mkubwa wa wilaya, "Jambo, Bwana Disii!" Anacheka mpaka anapiga chafya. Watoto wengine walipona. Sitasema wote, Mungu anasikia.

Lakini hiyo nyumba ni ya dresa, sio ya surua. Dresa mpya amefika jana na bibi na watoto na vitanda. Sina ubaya na yeye, watoto wake watalala wapi? Na ndani kuna wagonjwa, hata mjukuu wangu Ngendo, macho imefunga. Wakitolewa ni kurudi wodi, kwa wale wembamba. Nzomo alienda Thika leo kuomba wakubwa hiyo chumba mara ya mwisho. Amerudi. Amekaa hapo kwa ngazi, kofia mkononi, haniangalii.

Sasa nitashukuru namna gani? Asante, Nzomo. Ukule mbaazi ya kwenu Yatta, ulale kwa kitanda yako, usisikie mtoto wa mtu akikohoa. Sisi huku... hapana, hiyo usiandike.

Nani ananiita? Nasikia! Ngai, Mungu wangu, wameanza kuwatoa. Waithira, weka kalamu chini, kuja ushike miguu ya Ngendo. Kichwa nashika mimi.