Dawa Mbili za Mgongoni Nilizowaficha

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Naitwa Kadzo, tunakaa huku Bofu, na leo nimesimama kurekebisha uongo wangu mwenyewe.

Mwezi jana mlimtolea shukrani mtoto wangu hapa kanisani. Akina mama wakasema Kadzo amezaa kwa maombi matupu, hata hakulia. Nikanyamaza, tena nikatabasamu. Tangu siku hiyo wifi yangu Mbeyu, yule pale mwenye mimba ya miezi minane, ananiuliza niliomba maombi gani.

Ndugu zangu, kwetu mzazi akishikwa na uchungu hapigi kelele. Unauma leso, unanyamaza. Mtoto wa kwanza niliuma leso mpaka ikatoboka, na saa ya kusukuma nguvu zimekwisha. Almanusura nimpoteze. Mimba ya pili ikanijia na hofu tupu.

Basi uchungu ulipoanza, niko hospitalini na njia haijafunguka hata nusu, nikamwona mama wa kitanda cha pili anaongea na mumewe kama yuko sebuleni. Mimi mdadisi, mwanijua. Nikamuuliza muuguzi huyu amepewa nini.

"Amechomwa sindano ya mgongoni. Nawe wataka?"

Nikasema nataka kujua kwanza.

Daktari wa ganzi akaja. Nikamuuliza mbona achanganya dawa mbili, moja haitoshi? Akacheka. "Moja yatia ganzi, ya pili yatuliza maumivu. Zikisaidiana, kila moja natia kidogo. Ganzi nyingi peke yake ingekulaza miguu." Na mtoto je? Akasema watausikiliza moyo wake, na presha yangu wataipima kila mara. Hakunificha kwamba presha huenda ikashuka, na huenda nikawashwa.

Nikainama, wakapitisha kimpira chembamba mgongoni. Haikupita nusu saa, tumbo nalisikia likikaza tu, na vidole vya miguu navichezesha. Pua ikaniwasha, nikaikuna huku nacheka peke yangu. Nikaomba maombi marefu ambayo leso ikiwa mdomoni nisingeyaweza. Kisha nikalala. Saa ya kusukuma ilipofika, nguvu nilikuwa nazo.

Mavyaa wangu, mama yake mume wangu na Mbeyu, akaingia, akambeba mtoto, akasema, "Hukulia, mwanangu. Mungu mkubwa." Nikaona haya kumweleza. Hapo ndipo uongo ulipoanzia.

Mungu aliniokoa, sikatai, namshukuru usiku na mchana. Aliniokoa kwa mkono wa daktari, nami mkono ule nikauficha ili nisifiwe. Nisameheni.

Mbeyu, wifi yangu, hakuna maombi ya siri. Dawa hii haimfai kila mtu, wao ndio watakaokupima. Lakini uliza mapema, kabla nguvu hazijakwisha. Mama akikukataza, mwambie Kadzo ndiye aliyekutuma. Mtumaini Mungu, atakushika vilevile ukiwa na sindano au huna. Na ukitaka kulia, mwanamke mwenzangu, lia.